Mlango wa Juu

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe mara mbili, kikanyamaza. Kisha mara moja tena, polepole, kama kinachoomba radhi kwa zile mbili za kwanza.

Sajini alifumbua macho gizani. Saa kumi na moja alfajiri ilikuwa haijatimia. Alikuwa amelala katika chumba cha wageni nyumbani kwa Mwenyekiti wa ushirika wa watu wa msitu, na kati ya chumba hicho na jiko palikuwa na ukuta wa mbao usiojua kutunza siri. Mtu alikuwa anakoroga chai bila kuwasha taa. Sajini alikuwa na miaka kumi na mmoja kazini, na hakupenda watu wanaofanya gizani jambo linalofanyika vizuri zaidi kwenye mwanga. Alijitanda shuka mabegani, akasukuma mlango wa jiko.

"Ni mimi, afande," sauti ya mwanamke ilimuwahi.

"Washa taa."

"Uso wangu haufai kutazamwa saa hizi. Nimelia mpaka macho yamefura."

"Nimeona nyuso nyingi mbaya, zikiwemo za wakubwa wangu. Washa."

Mwanamke alicheka bila kupenda, akawasha. Alikuwa mke wa Mwenyekiti. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi za serikali tu. Hapa kila mtu alimwita Bi Harusi. Alikuja kuolewa akitokea ng'ambo ya barabara kuu, miaka saba iliyopita, na tangu siku ile hakuna aliyekumbuka kumpandisha cheo.

Ndiye aliyechora ramani. Na ramani ndiyo iliyoibwa.

Sajini alivuta kigoda, akakubali kikombe, akafungua daftari lake juu ya goti. Mambo yenyewe yalikuwa machache. Watu hawa waliishi msituni tangu kabla ya kuwepo mtu wa kuandika tarehe. Kila mzinga ulikuwa na mti wake, na kila mti ulikuwa na mwenyewe. Walikuwa wamejenga kwa mikono yao kiwanda kidogo cha kuchuja na kufungasha asali, na pembeni kitalu cha miche. Kitu kimoja hawakuwa nacho: hati. Kampuni ya mbao iliuomba msitu huohuo. Bodi ya ardhi ikasema wenyeji walete ramani ya mipaka yao, yenye alama za vidole vya watu wazima wote, leo saa nne kamili asubuhi. Wasipoileta, faili linafungwa na kampuni inapewa.

Walitembea mpaka kwa siku tisa. Alama za mpaka thelathini na mbili, vidole sitini na kimoja. Juzi jioni ramani ilikuwa kabatini. Jana mchana Mwenyekiti alifungua kabati la ofisi akakuta barua.

"Nieleze tena kwa nini hakuna nakala," Sajini alisema.

"Kikao kilikataa. Ramani ile inaonyesha chemchemi zetu zote na miti ya mizinga. Picha ikiingia kwenye simu moja, kesho iko kwenye simu mia. Tulikubaliana karatasi moja, nakala hakuna. Hata daftari la vipimo tulilichoma mbele ya watu."

"Wazo la nani?"

"La wote." Bi Harusi alizungusha kijiko. "Wakiamua jambo hapa, wanaamua wote. Ila likiharibika, linakuwa la mtu wa kuja."

"Kaka yako anafanya kazi kwenye kampuni ya mbao."

"Wameshakuambia? Hawajachelewa. Ni dereva wa lori, afande. Anabeba mbao, habebi siri."

"Funguo za kabati ziko kwa nani?"

"Tatu. Mume wangu, mimi, na wifi yangu, dada yake mkubwa, mtunza ghala. Huyo wanamwita Malkia."

"Mnaelewana?"

Bi Harusi aliweka kijiko chini. "Umeona mtoto humu ndani?"

"Hapana."

"Ninaye, wa miaka sita. Analala kwa shangazi yake. Akilala hapa anaamka anamwita yeye. Mimi niko palepale, nimemshika, ananitazama kama mpangaji." Alifuta jicho kwa kiganja. "Sina neno baya la kusema juu ya wifi yangu. Andika hivyo."

Sajini aliandika. Chini yake akaandika: *Hana neno baya. Analo.*

Akatoa barua kwenye bahasha ya ushahidi, akaisoma kwa mara ya sita. Herufi kubwa, wino mzito mweusi, karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule.

RAMANI YENU NINAYO. MSIDHANI NATANIA: ILIKUWA MLANGO WA JUU, NYUMA YA BOKSI LA LEBO. MSIENDE BODI MIKONO MITUPU MKACHEKWA. KAENI NYUMBANI, KAMPUNI IINGIE KWA AMANI.

Kilichomsumbua ni maneno matatu: mlango wa juu. Jana usiku alikuwa amelikagua kabati. Lilikuwa la chuma, milango miwili mirefu iliyosimama bega kwa bega, kutoka sakafuni hadi juu. Hapakuwa na mlango wa juu wala wa chini. Na ramani ilikaa rafu ya chini kabisa. Kwa hiyo mwandishi hakuwahi kuliona kabati. Alisimuliwa, na alisimuliwa vibaya. Kufuli halikuvunjwa. Basi kulikuwa na mtu wa ndani aliyefungua na mtu wa nje aliyeandika.

Mtu wa nje alikuwa na anwani.

*

Wakala wa kampuni ya mbao alikuwa amepanga nyumba ya wageni kando ya barabara kuu, mwendo wa dakika ishirini kwa pikipiki. Sajini alimkuta uani saa kumi na mbili na nusu, amesimama mbele ya kioo kilichotundikwa kwenye msumari, nusu ya uso ina povu.

"Afande, ungenipigia simu nivae shati."

"Shati halijibu maswali. Jana asubuhi ulikuwa wapi?"

"Mjini, kwa mawakili, na juzi nililala hukohuko. Hoteli wana kitabu cha wageni, piga." Alitaja namba kwa kichwa. Sajini alipiga papo hapo, akaongea na mtu wa mapokezi, akashukuru. Wakala alikuwa amelala huko, na alitoka jana saa tisa alasiri. Ramani ilishatoweka.

"Unaandikia nini kwenye magogo yako?"

"Rangi nyekundu na brashi. Kwani kalamu itaandika gogo?"

"Unaijua ofisi ya ushirika?"

"Naijua sana. Nimekalishwa pale mara nne kama mtoto aliyechelewa shule." Alipitisha wembe shavuni, na povu likaondoka pamoja na upole wake. "Niliwapelekea kazi. Ajira, afande, mishahara ya kila mwezi. Unajua yule mke wa Mwenyekiti aliniambia nini? Kwamba kikao bado hakijaamua kama wanahitaji mtu wa kuwaajiri. Wao. Wananihoji mimi. Asali yao iko kwenye rafu za maduka makubwa, chupa zina lebo kama manukato, na mbao zangu zinanyeshewa na mvua stoo. Nikipita dukani nageuza uso."

"Una wivu na asali?"

"Nina wivu na watu wasio na bosi."

"Kabati lao umewahi kuliona limefunguliwa?"

"Mara nne zote. La chuma, milango miwili. Ramani walikuwa wanaitoa mlango wa kushoto, wanaikunja kabla sijaona kitu, wanairudisha. Sikuhitaji kuiba, afande. Nilikuwa nasubiri wachoke."

Sajini aliacha kuandika. Mtu huyu hakupenda watu wa msitu, alikuwa na sababu, na angefurahi ramani ikipotea. Lakini alilijua kabati vizuri kuliko barua. Na alikuwa amesema *kushoto*.

Nadharia nzima aliyoilea tangu jana ilimwagika kama maji ya povu lile, na ilikuwa saa moja kasoro dakika kumi.

*

Aliporudi, Bi Harusi alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya nyumba, amevaa gauni lake la kwenda mjini, mikono mitupu mapajani. Sajini akajibwaga katikati ya benchi.

Kwenye njia akatokea msichana mdogo amebeba kikopo cha maziwa kwa mikono miwili, anaongea peke yake bila nukta wala mkato. Alikuwa mtoto wa Bi Harusi. Kwa mdomo wake walimwita Chiriku. Alimpa mama yake kikopo. "Shangazi kasema unywe, kasema hujala tangu jana, kasema ukianguka njiani nani atakubeba." Kisha akamgeukia Sajini. "Afande, sogea juu nikae."

Sajini aliinuka.

Mtoto akamcheka. "Sio kusimama. Juu." Akamsukuma kiunoni kuelekea mwisho wa benchi, upande wa kushoto, akakaa.

"Hapo ndio juu?"

"Ndiyo. Na kule chini." Alionyesha mwisho wa pili wa benchi, kwa subira ya mtu anayefundisha mjinga.

Sajini alimtazama Bi Harusi.

"Mto," Bi Harusi alisema. "Unakotoka ni juu, unakokwenda ni chini. Hawana kulia wala kushoto, labda kwa mikono yao wenyewe. Wiki ya kwanza ya ndoa, marehemu mama mkwe aliniambia nimletee beseni liko juu ya jiko. Nikapanda darini. Natafuta kwenye masizi, buibui kichwani, beseni sioni. Lilikuwa nje, ukutani, upande mto unakotokea. Wakikaa kunywa chai mpaka leo wananikumbusha. Wifi yangu huniigiza kabisa, hata buibui hamsahau."

"Na wewe siku hizi unasema juu na chini?"

"Nilijaribu. Nikikosea wanacheka, nikipatia wanacheka zaidi. Nimerudi kwenye kushoto kwangu."

Sajini alikuwa ameshasimama.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili, kalenda, na lebo za chupa zilizopangwa kwenye boksi. Alisimama mbele ya kabati. Kisha akafungua dirisha lililokuwa pembeni yake. Mto ulipita nyuma ya ofisi, mwembamba, umbali wa mita thelathini hivi. Alingoja mpaka jani kavu lipite. Lilitokea kushoto kwake, likaelea, likapotelea kulia.

Akafungua mlango wa kushoto wa kabati. Huo ndio uliokuwa mlango wa juu. Rafu ya chini, nyuma ya boksi la lebo, nafasi ya ramani ilikuwa tupu.

Basi barua haikukosea hata neno moja. Aliyeikosea ni yeye. Mwandishi aliliona kabati, alilifungua mwenyewe, na alizaliwa hapa. Mwenyekiti alikuwa mjini tangu juzi mchana akitafuta gari la kukodi. Mwenye gereji alishathibitisha kwa simu jana kwamba alilala kwenye karakana yake, na kwamba anakoroma. Alirudi jana mchana, akaenda moja kwa moja kabatini, mlinzi wa ofisi akiwa nyuma yake. Ufunguo wa pili ulikuwa wa mwanamke anayesema kushoto.

Ukabaki mmoja. Na kwenye ndoo za asali zilizopangwa mlangoni mwa ghala aliyapita maandishi ya wino mzito mweusi: SAFI. BADO. SAFI. Alikuwa ameyaona jana. Hakuyasoma.

*

Malkia alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, na kitambaa cheupe kichwani. Alikuwa anafuta chupa moja baada ya nyingine na kuzitazama kwenye mwanga. Ghala lilinuka nta. Nyuma yake yalipangwa maboksi ya mizinga, safu kwa safu, mamia.

"Karibu, afande. Usiguse chupa."

"Sigusi. Nakamilisha maelezo yangu tu. Ramani ilikuwa mlango upi wa kabati?"

"Wa juu," Malkia alisema bila kuinua macho, kama mtu aliyeulizwa leo ni siku gani.

"Rafu?"

"Ya chini. Nyuma ya lebo. Si nilishamwambia mlinzi?"

Sajini alitandaza barua mezani, katikati ya chupa. "Wakala wa kampuni nimemuuliza swali hilohilo. Kasema mlango wa kushoto. Wifi yako anasema wa kushoto. Mimi mwenyewe tangu jana nasema wa kushoto. Barua inasema wa juu."

Malkia aliisoma barua kama anaiona mara ya kwanza. Aliifanya vizuri. Kisha chupa aliyoishika ikagonga meza.

"Kila mtu anasema juu," alisema.

"Kila mtu wa hapa."

Nje, sauti ya Chiriku ilikuwa inasimulia kitu kwa kuku. Malkia aliisikiliza mpaka ikapita.

"Yule mtoto," alisema hatimaye, "nimemlea mimi. Mama yake alipoanza masomo ya jioni, tulianza wote wawili. Dawati moja. Mtoto alikuwa ananyonya, akilia darasani mwalimu ananuna. Nikasema, wifi, soma wewe, mimi nitakaa naye. Jioni mia mbili, afande. Yeye karudi na kalamu, mimi nikabaki na harufu ya maziwa."

"Kwa hiyo ukaiba."

"Nimemwonyesha kila mti. Alikuwa hajui hata mti wa nyuki na mti wa kuni. Nilimshika mkono siku nane, huu na huu, andika, huu jina lake hili. Siku ya kumi ramani inatandikwa kikaoni. Chini imeandikwa *Imechorwa na*, na jina lake. Mimi niko wapi? Kidole. Kimoja kati ya sitini na kimoja. Watu wanapiga makofi, kaka yangu anajipapasa kifua. Na leo anayesimama mbele ya bodi kusema huu ni msitu wetu ni yeye, aliyepanda darini kutafuta beseni."

"Ukaandika kwa jina la kampuni ili tumkamate wakala."

"Niliandika mkasirike. Sikutaka ipotee. Wangeahirisha, mngehangaika siku mbili tatu, halafu mimi ningeitoa. Ningesema nimeiona mahali. Wangeniuliza nimeionaje, na mimi ningesimulia."

"Nani kakwambia bodi inaahirisha?"

Malkia alimshangaa. "Mkutano unakaaje kama mwenye jambo hayupo?"

Sajini alielewa kwa nini mwanamke huyu mwerevu alifanya jambo la kijinga namna ile. Hapa kikao hakikukaa mpaka wa mwisho afike. Wangengoja mtu avuke mto, wangengoja mgonjwa apone. Malkia hakuwahi kuona mkutano wa namna nyingine.

"Bodi haingoji mtu," alisema. "Saa nne wanaita jina lenu. Msipoitika wanaandika mstari mmoja, wanafunga faili, wanaita kampuni. Leo. Hakuna kesho."

Kwa mara ya kwanza uso wa Malkia ulibadilika. Alitazama saa ya ukutani, akatazama safu za maboksi, akazipita tano bila kuhesabu, akavuta la katikati. Ndani yake mlikuwa na masega ya zamani. Kati ya masega alichomoa bomba la plastiki lenye ramani. Kizibo kilikuwa kimelegea, na mdomo wa bomba uling'aa asali.

"Asali hii imejimwaga au imemwagwa?"

"Imejimwaga," Malkia alisema. Kisha, akigeuzia macho chupa zake, "Nadhani."

Sajini alilitia bomba kwenye mfuko wa ushahidi. "Maelezo yako nitayachukua baada ya bodi. Sasa unapanda gari, unakaa karibu na mimi, na huongei mpaka nikuulize."

"Na Bi Harusi?"

"Nitamwambia imepatikana. Mengine mtaambiana wenyewe, mkiwa na umri wa kutosha."

*

Gari lilikuwa la kukodi na lilijaa. Mwenyekiti aliendesha. Bi Harusi alikaa mbele, bomba alilokabidhiwa na Sajini mapajani, hakuuliza lilikuwa wapi. Alinusa kizibo, akageuka nusu, akarudi kutazama barabara. Chiriku alikuja pia, kwa kuwa anayebaki naye siku zote alikuwa ndani ya gari. Alikaa kati ya shangazi yake na Sajini, akaongea njia nzima.

Saa nne kasoro dakika tatu waliingia ukumbini. Ulikuwa chumba cha kawaida cha ofisi: meza ndefu, wajumbe watano, feni isiyofanya kazi, viti vya plastiki vya wasikilizaji. Wakala alikuwa mstari wa mbele, amenyoa pande zote mbili. Alipoiona ramani alikunja nne, kisha akabadilisha mguu.

Karani wa bodi, mwanamume mnene mwenye miwani shingoni, alisoma utaratibu. Mwakilishi atataja kila alama na jina la mahali. Mkazi yeyote aliyeweka kidole anaruhusiwa kuthibitisha. Alama ikikosa mtu wa kuithibitisha, mpaka una tundu, na ramani yenye tundu haipokelewi.

Bi Harusi aliitandika mezani. Malkia, kwenye kiti cha nyuma kando ya Sajini, alikunja mikono kifuani.

Bi Harusi alisoma vizuri. Sauti ilikuwa ya chini alama mbili za kwanza, kuanzia ya tatu ikaimarika. Mwamba, kivuko, mti uliopigwa radi, jina kwa jina, na karani akitia tiki. Sajini hakuitazama ramani. Alimtazama Malkia, ambaye midomo yake ilikuwa inakwenda pamoja na kila jina, nusu ya pumzi mbele ya wifi yake.

Alama ya kumi na sita. Bi Harusi akafungua mkunjo unaofuata, na karatasi ikagoma. Ilikuwa imeshikana. Akaibandua kwa ncha ya kucha, taratibu, na ilipoachia iliondoka na wino. Pale palipokuwa na namba kumi na saba na jina lake palibaki doa la rangi ya chai.

"Endelea," karani alisema.

"Haisomeki."

"Sema kwa kichwa."

Bi Harusi aliinama juu ya doa. "Siku hiyo sikutembea. Mtoto alikuwa na homa, nilibaki naye. Niliandika jioni kama nilivyoambiwa. Majina yalikuwa mengi."

"Nani alitembea?"

Swali lile lilikuwa na jibu moja, na watu kadhaa ukumbini walilijua. Sajini aliiona shingo ya Bi Harusi ikianza kugeuka nyuma, ikafika nusu, ikakataa. Miaka saba ya buibui na beseni. Aliona mikono ya Malkia ikizidi kukazana kifuani. Huyu asingesimama bila kuitwa; alikuwa amengoja kuitwa kwa muda mrefu kuliko bodi hii ilivyokuwepo. Mwenyekiti, ambaye siku ile hakutembea, alitazama dada yake, akatazama mke wake, kisha akatazama viatu vyake kama viatu ndivyo vilivyoulizwa.

Sajini alikuwa na uwezo wa kumkamata mtu. Hakuwa na uwezo wa kumsimamisha shahidi kwenye bodi isiyo yake.

Wakala alifungua kalamu.

"Nawapa dakika moja," karani alisema. "Halafu naandika haijathibitishwa, na mnajua maana yake. Kumi na saba. Kuna mtu anayepajua?"

Bi Harusi alishika ukingo wa meza. Malkia alitazama dirisha.

Chiriku aliteremka kwenye kiti, akasimama katikati ya njia baina ya mama yake na shangazi yake, na akasema kwa sauti:

"Shangazi anapajua."